Mwandishi Mbele ya Darasa: Kezilahabi na Kazi ya Kufundisha Fasihi

Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya sita, diwani tatu za mashairi na tamthilia moja, lakini riziki yake aliipata kwa kufundisha. Tangu miaka ya 1970 alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katikati ya miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, mjini Gaborone, ambako aliendelea na kazi hiyohiyo. Wengi wanayajua majina ya vitabu vyake. Walio wachache hukumbuka kwamba vitabu hivyo viliandikwa na mtu aliyekuwa akiandaa mihadhara, akisahihisha mitihani na kusimamia tasnifu za wanafunzi. Kwake kazi hizo mbili hazikutengana: alichokiandika usiku kilitokana na maswali ya darasani, na alichokifundisha mchana kilipimwa kwa vitabu alivyoviandika mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha mwaka 1967 akaingia chuo kikuu. Njia ya kijana wa Ukerewe wakati ule ilikuwa ndefu: meli hadi Mwanza, kisha garimoshi la Reli ya Kati kupitia Tabora, Dodoma, Gulwe na Kilosa mpaka pwani. Wasomaji wa Kiswahili wana deni kubwa kwa kisiwa hicho. Ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyeiandika riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikangoja hadi 1980 kuchapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndiko alikotoka pia Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ambaye naye alifundisha fasihi Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Marekani, na ndiye baadaye aliyekifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza.

Kezilahabi alihitimu mwaka 1970, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliacha kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kusimama peke yake, na mwaka uleule ambao Idara ya Kiswahili iliundwa. Miaka miwili kabla, Farouk Topan alikuwa ameanza kufundisha fasihi ya Kiswahili chuoni hapo kwa Kiswahili chenyewe. Hatua hiyo haikupigiwa mbiu sana, lakini uzito wake haukuwa mdogo. Huko Nairobi, mwaka huohuo wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati ya masomo. Dai lao lilipata umaarufu duniani kote. Hata hivyo, mjadala wa Nairobi uliendeshwa kwa Kiingereza na masomo yaliyotokana nao yakaendelea kwa Kiingereza. Mlimani, yaani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na jambo la ziada: mwanafunzi alikaa mhadharani, akajadili, akaandika insha yake na kujibu mtihani wa shahada kwa lugha ya kitabu alichokuwa akikisoma.

Kwa mwalimu, jambo hilo lilikuwa heshima na lilikuwa mzigo. Vitabu vya nadharia ya fasihi vilivyoandikwa kwa Kiswahili vilikuwa haba mno. Istilahi ambazo leo mwanafunzi wa kidato cha tatu anazitaja bila kusita, zile za fani, maudhui, dhamira, mhusika na mandhari, zilikuwa bado zinatafutiwa mipaka yake katika vyumba vya semina. Waliozitafutia mipaka hiyo walikuwa vijana waliopishana umri kidogo tu na wanafunzi wao: Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi, Kulikoyela Kahigi, Fikeni Senkoro na wenzao. Walio wengi kati yao walikuwa pia watunzi. Kiswahili cha uhakiki kinachotumika leo katika shule zote za nchi hii kilipikwa na watu waliojua kutunga, na hilo limekisaidia kuliko inavyosemwa.

Kabla ya kurudi chuoni kama mwalimu, Kezilahabi alifundisha kwanza katika shule za sekondari. Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuzua maneno. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971. Inamhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, ambaye baada ya kufika shule ya bweni na chuo cha ualimu hana lolote la kujilinda nalo mbele ya wanaume, wakiwemo wenye madaraka juu yake. Kitabu kilitaja mimba, utoaji mimba na unyonyaji wa wasichana shuleni kwa uwazi ambao riwaya ya Kiswahili haikuwa nao, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kiliruhusiwa, na kikasomwa na kutahiniwa.

Maana ya kisa hicho katika ualimu wake ni kubwa. Mwalimu wa fasihi ambaye kitabu chake kimezuiwa anasimama mbele ya darasa akiwa na ushahidi kwamba riwaya ni kitu chenye nguvu. Hahitaji kuwaeleza wanafunzi kwamba fasihi inaigusa jamii, maana jamii imekwisha kumjibu. Wale waliokizuia walitaka kuwalinda wasichana wasisome mambo yanayowapata wasichana wa kitabuni kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Walikosea, na muda umeonyesha hivyo. Katika kila wilaya ya nchi hii, Mpwapwa ikiwemo, wapo wasichana ambao masomo yao yamekatishwa na mimba, na kwao Rosa si mhusika wa kubuni tu.

Kichwamaji ilifuata mwaka 1974. Safari hii chuo kikuu chenyewe kiliingia ndani ya riwaya, kwani Kazimoto, msimulizi wake, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini kwao na kugundua kwamba elimu imemtenga na watu wake bila kumpa mahali pengine pa kukaa. Anauliza kuhusu Mungu, kuhusu maana ya kuishi na kuhusu thamani ya usomi, na hapati jibu. Wahakiki wamezoea kuitaja falsafa ya udhanaishi ya Ufaransa, ya akina Sartre na Camus, wanapoieleza riwaya hii. Uhusiano huo upo. Lakini mtu aliyekuwa kila siku mbele ya vijana waliotoka vijijini, wakiwa wa kwanza katika koo zao kufika chuo, hakuhitaji kwenda Paris kumtafuta Kazimoto. Alikuwa amekaa naye darasani, na alikuwa amewahi kuwa yeye.

Mwaka 1976 Kezilahabi aliwasilisha tasnifu ya uzamili yenye jina Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa amekwisha kuwekwa juu ya sifa zote, na sifa hizo zilielekea zaidi kwenye mashairi na maadili yake. Kezilahabi alimchagua kama mwanariwaya, akamsoma kwa jicho la mtu wa kazi ileile. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amechapisha riwaya tatu, ya tatu ikiwa Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975. Tofauti ya watunzi hao wawili ni somo zima la historia ya riwaya. Katika Kusadikika au Utubora Mkulima mhusika hubeba wema au ubaya wake katika jina, na msomaji anajua mapema upande wa kusimama. Kwa Kezilahabi wema na ubaya hupigana ndani ya mtu mmoja, na kitabu humwacha msomaji aamue peke yake. Mwalimu anayeweza kumheshimu mtangulizi wake kiasi cha kumwandikia tasnifu, kisha akaandika kinyume cha njia yake, anawafundisha wanafunzi jambo ambalo halimo katika muhtasari wowote wa kozi.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa ushairi. Diwani ya Kichomi ilitoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na katika utangulizi wake Kezilahabi aliitetea njia hiyo. Alitaka ushairi ukaribie lugha ambayo watu huizungumza kila siku. Wanamapokeo walimjibu kwa ukali: utungo usio na vina na mizani, walisema, si shairi la Kiswahili bali ni nakala ya mambo ya kigeni. Mjadala ulienea magazetini, majaridani na katika vikao vya washairi, na haukuwa wa adabu kila wakati. Mulokozi na Kahigi, waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, walikuwa upande wa mabadiliko.

Msomaji wa Dodoma ana sababu ya pekee ya kuufuatilia ugomvi huo. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, Mgogo aliyeandika historia ya Wagogo na kutumikia mahakama, alikuwa mmoja wa nguzo za ushairi wa vina na mizani. Ndiye aliyezipa ngonjera nguvu mpya, na alikiongoza chama cha UKUTA kilichozieneza mashuleni. Alifariki mwaka 1969, kabla ya Kichomi, kwa hiyo hakuingia katika mabishano hayo. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya Gulwe, Godegode au Kibakwe, wilayani Mpwapwa, aliyesimama mbele ya wageni na kughani ngonjera kwa kichwa alikuwa mwanafunzi wa Mnyampala bila kujua. Mtoto huyohuyo alipofika kidato cha tano na kukutana na shairi huru, alikuwa amefika kwa Kezilahabi. Mnyampala hakuwa na shahada. Ushairi wake aliukuza nje ya kuta za chuo, katika kazi ya serikali na katika mabaraza ya washairi. Hilo linatosha kuonyesha kwamba chuo kikuu si chimbuko pekee la fasihi, na hakuna ushahidi kwamba Kezilahabi aliwahi kuamini vinginevyo. Leo mitaala inawafundisha vijana mashairi ya aina zote mbili. Ugomvi uliisha kwa kila upande kubaki na nafasi yake, na ushairi wa Kiswahili ukatoka humo ukiwa tajiri zaidi.

Mwisho wa miaka ya 1970 ulikuwa mgumu kwa mwandishi mwenye macho. Mlimani palisifika duniani kwa mijadala ya ujamaa, na mwandishi alitarajiwa kuusifu mpango wa serikali. Kezilahabi aliandika Gamba la Nyoka, iliyochapishwa mwaka 1979. Ndani yake watu wanalazimishwa kuhama kwenda katika vijiji vya ujamaa, na vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaubeba mpango huo kila mmoja kwa namna yake. Katika nyanda za kati habari hizo hazikuwa za kubuni. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970, ikiwa miongoni mwa kampeni za kwanza kubwa za kuwahamishia watu vijijini, na wazee wa Ugogo wanaoikumbuka bado wapo. Riwaya hii inafaa kusomwa nao na wajukuu wao kwa pamoja, kwa kuwa haiulizi tu kama ujamaa ulikuwa mwema au mbaya. Inauliza nini humpata mtu anapoletewa wema kwa nguvu. Tamthilia ya Kaptula la Marx, ambayo pia ni ya miaka hiyo na yenye ukosoaji mkali zaidi wa uongozi, haikuchapishwa mpaka mwaka 1999.

Kisha akaenda kusoma tena. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nchini Marekani, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu inayohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hapo ndipo penye kiini cha ualimu wake, na ndipo panapofaa kukaa zaidi.

Hoja yake, kwa maneno mepesi, ni hii. Mhakiki amefundishwa kusimama nje ya kitabu na kukitazama kama kitu cha kuchunguzwa, huku mkononi ana vipimo vilivyotengenezwa mahali pengine kwa ajili ya vitabu vingine. Vipimo hivyo vikishindwa kupima, kitabu ndicho kinacholaumiwa. Kezilahabi aliona kwamba fasihi ya Kiafrika ina namna zake za kujua na za kuwapo ulimwenguni, ambazo zimo katika visasili, katika miviga, katika ngoma na katika lugha yenyewe, na kwamba ufasiri uanzie humo. Hakuwa akiwakataa wanafalsafa wa Ulaya. Aliwasoma kwa makini, Nietzsche na Heidegger wakiwa miongoni mwao. Alichokataa ni kuwageuza mahakimu.

Mtu mwingine angeishia kwenye tasnifu na makala za majarida. Yeye aliirudisha hoja hiyo kwenye riwaya. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote kwa shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofikisha kurasa mia moja, lakini vimewatoa jasho wasomaji kuliko vitabu vikubwa. Mahali hapana jina, wakati hauendi mbele kwa utaratibu, msimulizi anatangatanga akitafuta kitu kinachomkimbia, na ndani ya Nagona wanafikra wakubwa wa Ulaya wanajitokeza kama wahusika pamoja na mambo ya visasili vya Kiafrika. Aliyezoea kuuliza nani ni mhusika mkuu, mandhari ni wapi na ujumbe ni upi, hapati pa kushika. Hilo lilikusudiwa. Riwaya hizi mbili ni mihadhara ya mwalimu aliyekwisha kuchoka kuona vitabu vikichanjwa vipandevipande, akaandika kitabu kisichokubali kuchanjwa.

Ushawishi wake unaonekana kwa wanariwaya wengine ambao nao walikuwa walimu wa vyuo vikuu. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, aliyefundisha kwa miaka mingi Bayreuth nchini Ujerumani, aliacha usimulizi wa moja kwa moja katika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006). Kyallo Wadi Wamitila wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002 na Musaleo! mwaka 2004. Njia ya riwaya ya majaribio katika Kiswahili ilifunguliwa hasa na watu wa darasani, na wapo wanaoilaumu kwa sababu hiyo, wakisema imekuwa fasihi ya wasomi kwa wasomi. Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Nagona haitauzwa stendi ya mabasi. Lakini lugha inayotaka kubeba fikra za kila aina inahitaji vitabu vya kila aina, na Kezilahabi yuleyule alikuwa ameandika Rosa Mistika, ambayo hata asiyemaliza sekondari huisoma mpaka mwisho.

Kuna mfano mwingine wa mwanariwaya na mwalimu mwenye asili ya Tanzania, ulio mbali kidogo. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, tangu 1985 hadi alipostaafu, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Ulimwengu ulimsoma kwa sababu aliandika kwa Kiingereza. Kezilahabi aliijua lugha hiyo vizuri, tasnifu yake ya uzamivu aliiandika kwayo, na riwaya zake zote akaziandika kwa Kiswahili. Gharama ya uamuzi huo aliilipa kwa kujulikana kidogo nje ya Afrika Mashariki. Mkusanyiko wa mashairi yake kwa Kiingereza, uliofasiriwa na Annmarie Drury, ulitoka mwaka 2015, zaidi ya miaka arobaini baada ya Kichomi.

Alipokwenda Botswana, Tanzania ilipoteza mwalimu. Miaka ya 1990 ilikuwa ya dhiki katika vyuo vikuu vyetu, na walimu wengi walitafuta kazi nchi za kusini. Huko Gaborone hakukuwa na wasomaji wa Kiswahili wa kumzunguka, na kazi zake za kubuni zilizofuata ni chache. Diwani ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008, miaka ishirini baada ya ile ya pili, Karibu Ndani. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Urithi wa mwalimu wa chuo kikuu hausafiri peke yake. Unabebwa na wanafunzi wake wanaokuwa walimu, na walimu hao wanafundisha wengine, mpaka unafika katika darasa la sekondari la Mpwapwa ambapo wanafunzi arobaini wanagawana nakala chache za riwaya. Na hapo ndipo unapopatwa na ajali. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha sita unadai riwaya, tamthilia na ushairi, na muda ni mfupi. Matokeo yake mwanafunzi hupewa madesa: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, msimamo, falsafa ya mwandishi, kila kimoja kwa nambari yake. Wapo wanaofaulu kwa alama nzuri bila kuisoma riwaya yenyewe hata sura moja. Huo ndio usomaji ambao Kezilahabi aliupinga kwa tasnifu na kwa riwaya, na inasikitisha kwamba vitabu vyake vyenyewe vimewahi kusomwa hivyo. Mwalimu wa darasa hilo halaumiwi kwa hili peke yake, kwa sababu naye alifundishwa hivyo na anapimwa kwa ufaulu. Lakini hakuna kinachomzuia kusoma darasani, kwa sauti, sura tatu za mwanzo za kitabu kabla ya kuandika neno dhamira ubaoni.

Kwa upande wa vyuo, nyanda za kati sasa zina nafasi ambayo hazikuwa nayo wakati wa Kezilahabi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Kiswahili na fasihi yake hufundishwa hapo kwa vijana wanaotoka kila pembe ya nchi. Lakini katika vyuo vyetu kupanda cheo kwa mhadhiri hutegemea sana makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma. Riwaya, ambayo huweza kumchukua mtu miaka mitano, haipewi uzito unaolingana na jasho lake. Vyuo vinavyofundisha fasihi ya Kiswahili viihesabu riwaya iliyochapishwa kuwa kazi ya kitaaluma, na vimpe mwandishi saa za kuiandika kama vinavyompa mtafiti saa za utafiti wake.